Somo la Redio: Ndege Uliyemwona Mara Moja

   Kabla ya kuanza, kila mtu na atazame kama ana daftari na kalamu. Leo tutaandika, na hayo tutakayoandika yanaweza kuokoa chakula cha nyumba nzima.

Somo letu linahusu ndege. Pengine mtu atacheka na kusema, "Mimi nimezaliwa shamba, ndege nawajua. Nifundishwe nini?" Ni kweli, unawajua. Unamjua kunguru. Unamjua mwewe anayenyakua vifaranga. Unamjua yangeyange anayefuata ng'ombe malishoni. Hao unawaona kila siku, nao hukaa mpaka ukawatazama vizuri. Lakini leo nazungumza habari za ndege mwingine, yule usiyemjua, aliyepita mbele ya macho yako kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha akatoweka. Je, utamtambuaje? Na ukiulizwa, utasema nini?

KWA NINI TUJUE

Fikiri kwamba umo juu ya dungu, unaamia ndege katika shamba la mtama. Mtama umeanza kukomaa, punje bado ni laini, ukizibonyeza zinatoa maziwa. Ni asubuhi na mapema. Ghafula ndege wadogo wa rangi ya udongo wanapita ukingoni mwa shamba, kama ishirini hivi. Wanatua kwenye majani, wanaruka, wamekwenda. Je, ni shomoro? Ni kweche? Ni mnana majike? Au ni kwelea?

Jibu la swali hilo si jambo dogo. Kwelea, ambaye watu wengi humwita kwelea kwelea, ni mdogo kuliko shomoro wa nyumbani. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Lakini haendi peke yake. Kundi moja laweza kuwa na ndege 1,000,000 na zaidi. Kwelea mmoja huweza kula na kuharibu kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku moja. Utasema, gramu 10 ni nini? Ni punje za kujaza kiganja kidogo cha mtoto. Sasa tufanye hesabu pamoja.

Ndege 1,000,000, kila mmoja gramu 10, jumla ni gramu 10,000,000. Kilo moja ina gramu 1,000. Kwa hiyo hizo ni kilo 10,000. Gunia moja likiwa na kilo 100, hayo ni magunia 100. Magunia 100 kwa siku moja! Ndiyo maana wakulima wa Dodoma, Singida, Shinyanga na Mbeya wakilisikia jina la kwelea hawacheki. Na wenzetu wa Kenya, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, wanamjua vilevile.

Kwelea hasumbui sana mahindi, maana punje za mahindi ni kubwa kwa mdomo wake. Mazao anayoyapenda ni mtama, uwele, mpunga na ngano. Chakula chake cha asili ni mbegu za majani ya porini. Mbegu hizo zikipungua, au mvua ikinyesha zikaota zote, ndipo anapogeukia mashamba yetu.

Basi hapa pana hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kumwona kwelea usimtambue, ukakaa kimya mpaka kundi zima limefika. Hatari ya pili ni kumwona ndege mwingine asiye na hatia, ukapiga kelele "Kwelea! Kwelea!" Watu wengi huiogopa ile ya kwanza tu. Nataka niwaambie habari ya hatari ya pili, kwa kuwa iliniangukia mimi mwenyewe.

KOSA NILILOLIFANYA

Nilipokuwa kijana nilikuwa nikiamia ndege katika shamba la mzee wangu. Siku moja kundi dogo likapita mbele yangu. Niliona ndege wadogo, wa rangi ya udongo, wenye michirizi. Hayo tu ndiyo niliyoyaona. Mwenzangu aliyekuwa katika dungu la pili akapaza sauti, "Hao ni kwelea! Umeuona mdomo mwekundu?" Nikajibu, "Naam, nimeuona." Nami sikusema uongo kwa makusudi. Aliponitajia mdomo mwekundu, mara moja nikauona katika fikira zangu, kana kwamba nilikuwa nimeuona kwa macho.

Tukakimbia nyumbani. Mzee akatuuliza, tukaapa. Basi watu wa nyumba yetu wakaingia shambani siku ileile, wakavuna mtama kabla haujakomaa, ili ndege wasiukute. Ulipokauka, punje zilisinyaa zikawa kama makapi. Juma lililofuata wale ndege wakarudi, wakatua karibu, tukawatazama vizuri. Hawakuwa kwelea, walikuwa kweche. Kweche nao hudonoa nafaka, lakini hasara yao si ya kufananishwa na ile ya kwelea. Mwaka ule tulinunua chakula. Hakuna ndege aliyetunyang'anya mtama wetu. Niliuharibu mimi kwa neno moja, "nimeuona".

Ndugu mwanafunzi, shika jambo hili, maana ndilo somo lenyewe: jicho huona kidogo, na kinywa husema kingi. Mtu akimwona ndege kwa muda mfupi, moyo wake hutaka kumaliza picha. Hujaza mdomo ambao haukuonekana, hujaza mkia, hujaza na jina. Kazi yetu leo ni kujifunza kutenga kile tulichokiona na kile tunachokidhani.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Sasa andika katika daftari lako nambari 1 mpaka 6, kila nambari katika mstari wake. Nitataja neno moja kwa kila nambari.

La kwanza ni UKUBWA. Usiseme "mdogo" au "mkubwa" tu, maana kila mtu ana mdogo wake. Mlinganishe na ndege unayemjua. Je, ni kama shomoro? Ni kama njiwa? Ni kama kuku? Na kama ametua juu ya suke la mtama, mlinganishe na suke. Angani ukubwa hudanganya sana, lakini suke unalijua.

La pili ni MDOMO. Kama una nafasi ya kutazama kitu kimoja tu, tazama mdomo, kwa sababu mdomo hukuambia chakula cha ndege. Mdomo mfupi na mnene ni wa kuvunja mbegu, kama wa shomoro na kwelea. Mdomo mrefu, mwembamba na uliopinda ni wa kunyonya maua, kama wa chozi. Mdomo wenye ndoana ni wa kurarua nyama, kama wa mwewe. Ukishaona umbo lake, ndipo utazame rangi.

La tatu ni RANGI, na mahali rangi ilipo. Neno "mwekundu" halitoshi. Mwekundu wapi? Kichwani, kifuani, mgongoni, au mdomoni? Tena angalia jua liko wapi. Jua likiwa nyuma ya ndege, kila ndege huonekana mweusi. Ukiwa umetazama upande wa jua, andika hivyo, ili atakayesoma ajue kwamba rangi hiyo si ya kuaminika.

La nne ni MWENENDO. Anarukaje? Anatembea chini au anarukaruka? Yuko peke yake au katika kundi? Mwenendo huonekana kwa mbali hata pale rangi isipoonekana, kwa hiyo usiudharau.

La tano ni MAHALI. Je, ni shambani, mtoni penye matete, porini penye migunga, au karibu na nyumba? Kila ndege ana makao yake kama vile kila mtu ana kwao.

La sita ni WAKATI. Andika saa, siku na mwezi. Ndege wengine hubadili mavazi kwa majira, na wengine huhama kufuata mvua.

(Hapa redio hunyamaza kwa dakika moja. Wanafunzi wasome maneno sita kwa sauti: ukubwa, mdomo, rangi, mwenendo, mahali, wakati.)

SASA TUMPIME KWELEA

Hebu tutumie mambo hayo sita kwa kwelea mwenyewe.

Ukubwa wake tumekwisha kuutaja, ni mdogo kuliko shomoro, na mkia wake ni mfupi. Mdomo wake ni mfupi na mnene, nao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mwekundu. Rangi ya mwili ni kama udongo, yenye michirizi mgongoni.

Lakini angalia mtego uliopo hapa. Wakati wa kuzaana, mdomo wa jike hugeuka kuwa wa manjano. Na dume wakati huo huvaa kama kinyago cheusi usoni, na kichwa na kifua chake hupata rangi ya waridi au ya manjano. Kwa hiyo mtu akisema, "Nimeona mdomo wa manjano, basi si kwelea," amekosea. Na mwingine akisema, "Nimeona ndege mdogo wa mdomo mwekundu, basi ni kwelea," naye amefanya haraka, maana wako ndege wengine wadogo wa majani wenye mdomo mwekundu. Alama moja haitoshi. Alama moja ni kama shahidi mmoja barazani, utamsikiliza, lakini hutakata shauri kwa neno lake peke yake.

Basi muite shahidi wa pili, yaani mwenendo. Kundi kubwa la kwelea likiwa mbali huonekana kama moshi unaojikunja na kujikunjua. Likiwa chini linakula, wale wa nyuma huruka wakapita juu ya wenzao na kutua mbele, kisha waliobaki nyuma nao hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kundi zima huonekana kama wimbi linalobingirika shambani. Jioni huenda kunywa maji, kisha hulala kwa wingi mno katika miti ya miiba au katika matete.

Muite na shahidi wa tatu, yaani kiota. Mnana hujenga viota vinavyoning'inia katika miti, mara nyingi karibu na nyumba za watu, na mlango wa kiota uko chini. Kiota cha kwelea ni kidogo, cha mviringo, na mlango wake uko ubavuni. Tena hakiwi kimoja. Hujengwa mamia kwa mamia katika mti mmoja wa miiba, na mti baada ya mti, mpaka pori zima limejaa. Jike kwa kawaida hutaga mayai matatu. Mayai huanguliwa baada ya siku kama 10 hivi. Kutoka yai la kwanza mpaka makinda kuacha kiota ni kiasi cha majuma manne tu. Umeona sasa kwa nini wakati ni mali? Anayeviona viota hivyo akanyamaza mwezi mmoja, hatakuta viota vyenye makinda. Atakuta makinda wameruka nao wanatafuta chakula.

Na kweche je? Kweche dume wakati wa kuzaana huvaa nyekundu na nyeusi, humkosi. Lakini majira hayo yakipita, naye huvua mavazi yake, akafanana na jike, rangi ya udongo na michirizi. Hapo ndipo alipotudanganya sisi. Lakini mdomo wake wakati huo si mwekundu. Kama ningalisema ukweli, kwamba mdomo sikuuona, mzee wangu angalitupeleka kutazama tena.

ANDIKA KABLA YA KUSEMA

Sasa twende kwenye kazi ya kalamu. Ndege akiwa bado yupo, usiandike. Tazama. Usiinamishe kichwa kutafuta daftari, maana ukiinua macho hatakuwapo. Akiisha kuruka, andika papo hapo. Wala usimwulize mwenzako kwanza, "Umeona nini?" Andika, naye aandike, kisha mlinganishe. Kama mngaliongea kwanza, mwenye sauti kubwa angalitia picha yake katika kichwa cha mwenzake, kama ilivyokuwa kwangu.

Gawanya ukurasa wako sehemu mbili. Juu ya sehemu ya kwanza andika neno NILIONA. Juu ya sehemu ya pili andika neno NADHANI. Jina la ndege liandike katika sehemu ya pili mpaka utakapohakikisha. Kama kuna jambo hukuliona, liandike pia: "Mdomo sikuuona." Maneno hayo hayana aibu. Mtu mwenye kusema "sikuona" huaminiwa anaposema "niliona".

Huu ni mfano. Usome polepole pamoja na mwalimu wako.

NILIONA. Tarehe 14 Aprili, saa 1 na robo asubuhi. Shamba la mtama, upande wa mto. Ndege kama 20. Wadogo kuliko shomoro. Rangi ya udongo, michirizi mgongoni. Mkia mfupi. Mdomo mnene, rangi ya mdomo sikuiona, jua lilikuwa mbele yangu. Walitua juu ya majani, wakaruka pamoja kuelekea kwenye migunga.

NADHANI. Huenda ni kwelea. Huenda ni kweche. Nitakwenda jioni kutazama kwenye migunga, nikiwa nimelipa jua mgongo.

Tazama jinsi maandishi hayo mafupi yalivyo na nguvu. Bwana shamba au bibi shamba akiyasoma, anajua aende wapi, saa ngapi, na atazame kitu gani. Lau ungalimwambia, "Njoo, kuna ndege," angalikuuliza maswali ishirini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za ndege nazo ni mali.

Mwenye simu ya kupiga picha na aitumie, lakini baada ya kutazama kwa macho. Mara nyingi picha ya ndege mdogo aliye mbali huwa ni doa jeusi tu, na mpigaji hukosa picha na kumwona pia.

KWA NINI JINA LA KWELI LINA UZITO

Labda utauliza, kuna ubaya gani kumwita ndege yeyote kwelea, ili tujihadhari? Ubaya upo. Makundi makubwa ya kwelea yakithibitishwa, mara nyingine sumu hunyunyizwa kwa eropleni mahali wanapolala. Lile shirika la nchi za Afrika Mashariki la kupambana na nzige wa jangwani, lililoundwa mwaka 1962, limefanya kazi hiyo pia dhidi ya kwelea. Sumu haichagui. Hufa kwelea, na hufa pia ndege wengine waliolala pale. Hata bundi na kozi, wanaokula kwelea wenyewe, huweza kufa kwa kula ndege waliopata sumu. Bundi huyo ndiye anayetulia panya. Tena eropleni ikiitwa kwa habari isiyo ya kweli, fedha zimepotea, na kijiji kingine chenye kwelea wa kweli kimengoja bure.

Na hapa niweke onyo. Katika sehemu nyingine, kama Kondoa, watu hutega kwelea na kuwala, nao ni kitoweo. Lakini ndege aliyeokotwa amekufa mahali palipopigwa sumu asiliwe kabisa, wala asipewe mbwa au kuku. Waelezeni watoto jambo hili.

KAZI YA NYUMBANI

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, keti mahali pamoja kwa dakika 15. Chagua ndege mmoja usiyemjua jina. Mtazame kwa kuhesabu polepole moja mpaka tatu, kisha fumba macho. Andika uliyoyaona kwa kufuata mambo sita. Kisha mtazame tena, kama bado yupo, uone umekosea wapi. Fanya hivyo kila siku mpaka somo lijalo. Utashangaa jinsi siku ya kwanza ulivyoona kidogo, na jinsi siku ya saba jicho litakavyokuwa limefunzwa.

MASWALI

Jibu maswali haya katika daftari lako.

1. Kwelea mmoja huharibu gramu 10 kwa siku. Kwelea 200,000 wataharibu kilo ngapi kwa siku moja?

2. Kwa nini mdomo wa manjano hautoshi kukuambia kwamba ndege si kwelea?

3. Mlango wa kiota cha mnana uko wapi? Na wa kwelea je?

4. Kwa nini tuandike kabla ya kuzungumza na wenzetu?

5. Je, wewe umepata kusema "nimeona" jambo ambalo hukuliona? Andika mistari mitatu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dungu: ulingo wa miti shambani, ambapo mtu hukaa kuamia ndege.

Kuamia: kulinda shamba lisiliwe na ndege au wanyama.

Makapi: maganda ya nafaka yasiyo na kitu ndani.

Kinda: mtoto wa ndege.

Ndugu wanafunzi, wakati wetu umekwisha. Mzee wangu hakunipiga siku ile tulipojua kosa letu. Alichukua suke moja lililosinyaa, akaliweka kiganjani mwangu, akasema, "Siku nyingine uniambie ulichokiona, jina tutalitafuta pamoja." Nami nawaachia ninyi neno hilohilo. Someni vizuri, andikeni vizuri, na macho yenu yawe wazi. Kwa herini.